Mvua ya Viganja

Paukwa.

Pakawa.

Palikuwa na bwawa.

Maji yake je?

Yalikwenda.

Na samaki wake?

Hao ndio hadithi yenyewe. Sogeeni basi, aliye karibu na moto asukume kuni, mwenye mtoto amshike vizuri, maana hadithi hii ina mtoto ndani yake na siwezi kuisimulia huku mwingine analia.

Zamani, zamani za watu waliotutangulia, alikuwepo mwanamke kijana jina lake Nyamizi. Alikuwa na mtoto mmoja, Milembe, msichana wa miezi miwili. Alikuwa na mama mkwe, Bibi Holo, mwenye mguu mmoja mbovu na ulimi mzima. Mumewe, Nkwabi, alikuwa amekwenda mbali na ng'ombe kutafuta majani, kwa sababu mwaka ule jua liliwaka na halikujua kuacha. Mto ukakauka. Visima vikakauka, kikabaki kimoja cha kungojea. Bwawa la kijiji, lililokuwa likiwafika watu shingoni, nalo likakauka mpaka tope lake jeusi likapasuka, ukitia mkono kwenye ufa unaingia wote na hugusi chini.

Kisha kikakauka kitu cha nne, na hicho alikijua Nyamizi peke yake. Maziwa yake.

Siku ya kwanza akasema, ni uchovu. Siku ya pili akasema, ni kiu. Siku ya tatu Milembe akanyonya, akaachia, akanyonya, akaachia, akamtazama mama yake usoni kama mtu aliyebisha hodi kwa ndugu asiitikiwe. Hapo Nyamizi akamchukua akampeleka kwa Bibi Holo.

"Mama," akamwambia mama mkwe wake, "hakuna kitu. Nimekamua hili, nimekamua hili, hakuna. Juzi kulikuwa na tone, leo hata tone hamna, na halii sana mama, ndicho kinachonitisha, jana alilia, leo analia kidogo, kesho je?"

Bibi Holo akamtazama mtoto, akambonyeza utosi kwa kidole kimoja. Utosi ulikuwa umebonyea. Akasema, "Hapa panataka mchuzi wa samaki, wa kamongo."

"Kamongo, mama? Na bwawa liko wapi?"

"Bwawa limekwenda. Kamongo hakwenda, angekwenda wapi? Maji yakipungua anajichimbia topeni, anajivika shati la ute wake mwenyewe, linakauka juu ya ngozi yake. Anaacha kitundu cha pumzi, analala mpaka masika. Yuko pale pale. Watu wanapita juu yake na njaa zao."

"Mbuga yote hii nitachimba wapi?"

Bibi Holo akatazama mlangoni, akashusha sauti. Jambo hili lilikuwa la nyumba yao. Mama mkwe humwambia mkwe mmoja tu, na mkwe huyo akizeeka humwambia mkwe mmoja tu. Hata waume hawakuambiwa.

"Chukua nusu ya kibuyu, kifudikize juu ya udongo. Kipige kwa ncha za vidole, polepole, kama manyunyu. Mwenye usingizi mwepesi atadhani mvua inaanza, atakoroma. Tega sikio, chimba hapo anapokoroma, mchukue huyo mmoja, fukia shimo, urudi. Lakini sikia, mama Milembe. Vidole, si viganja. Vidole ni manyunyu, humgeuza mmoja usingizini. Viganja ni masika. Ukipiga viganja wataamka wote, watachana mashati yao, watatoka nje, na nje hakuna mvua. Sema."

"Vidole, si viganja."

"Sema tena."

"Vidole, si viganja."

"Sema tena, maana nakuona macho yako hayako hapa."

"Vidole, si viganja, mama, nimesikia, niache niende."

Akaenda. Asubuhi ile ile, jembe begani, kikapu mkononi, nusu ya kibuyu ndani ya kikapu, Milembe mgongoni. Akafika bwawani. Akapiga magoti ukingoni, akafudikiza kibuyu, akapiga kwa ncha za vidole.

*Ti ti ti, ti ti ti,*
*mvua ya vidole.*
*Mmoja ageuke,*
*wengine walale.*

Akalaza sikio chini. Milembe akalia. Nyamizi hakusikia kitu ila kilio.

Akasogea katikati ya bwawa, akapiga mara ya pili. *Ti ti ti, ti ti ti, mvua ya vidole.* Akalaza sikio. Kitu kikanguruma, labda kamongo, labda tumbo lake mwenyewe. Akachimba hadi magotini. Udongo. Akachimba hadi mapajani. Udongo. Lilikuwa tumbo.

Akasogea upande wa pili, akapiga mara ya tatu. *Ti ti ti, ti ti ti, mmoja ageuke,* na hapo Milembe akanyamaza. Alinyamaza katikati ya kilio.

"Milembe."

Kimya.

"Milembe, mama."

Akatikisa mgongo. Kimya.

Watu huniuliza hapa, kwa nini hakumfungua akamtazama? Aliogopa. Ukishatazama utajua, na usipotazama bado hujajua, na yeye alitaka akae bado hajajua. Lakini mikono haikukaa. Mikono ikaanza yenyewe, vidole vikakaza, vikafunguka, vikawa viganja, na viganja vikashuka juu ya kibuyu kwa nguvu zote za mwanamke asiyetaka kugeuka nyuma.

*Pa pa pa. Pa pa pa. Pa pa pa.*

Mgongoni Milembe akapiga chafya. Alikuwa amelala tu.

Nyamizi akaiinua mikono yake, akaitazama. Lakini masika yalikuwa yamekwisha kupiga.

Ardhi ikakoroma huku. Ikakoroma kule. Ikakoroma chini ya magoti yake. Tope likapasuka kama maganda ya yai, pua moja ikatoka, pua mbili, pua kumi, na kamongo wakajivuta juu ya udongo wa moto, mashati yao yamechanika, yananing'inia shingoni.

"Mvua iko wapi?" akauliza mmoja.

"Mvua iko wapi?" akauliza wa pili.

"Mvua iko wapi?" wakauliza wote, na Nyamizi akajaribu kuwahesabu, akafika ishirini akapotea, akaanza tena, akafika thelathini akapotea.

Akatoka kamongo mzee, mrefu kama mguu wa mtu mzima. Akasema, "Wewe uliye juu. Tumesikia masika. Maji yako wapi?"

"Yanakuja," akasema Nyamizi.

Wakangoja. Jua likapanda kidogo.

"Wewe uliye juu. Maji yako wapi?"

"Yako nyuma ya kilima."

Kamongo mzee akageuka huku, akageuka huku. Mbuga ile haikuwa na kilima.

"Wewe uliye juu. Nakuuliza mara ya tatu. Maji yako wapi?"

Nyamizi akakaa chini. "Hakuna maji, baba. Hakuna mvua. Yalikuwa viganja vyangu. Niliambiwa vidole nikapiga viganja, mtoto alinyamaza nikadhani, sijui nilidhani nini, maziwa yangu yamekauka na nilikuwa namtafuta mmoja wenu nimpike."

Kamongo mzee akajivuta karibu. Kisha akasema, "Kwetu baba ndiye mlezi. Nimelala na watoto kumi na wanne. Walipokusikia waliniuliza, baba, kumekucha? Nikawaambia, kumekucha, tokeni. Umenifanya muongo mbele ya wanangu."

Nyamizi akakisukuma kibuyu mbali.

"Shati likichanika halishoneki pasipo unyevu," akasema kamongo. "Jua likifika utosini, sisi ni kuni. Basi sikia. Tulaze tena. Kila mmoja shimo lake, tope bichi, kitundu cha pumzi. Ukitulaza, mmoja wetu atakwenda nawe kwa miguu yake, na mchuzi wake utaita maziwa. Lakini akibaki hata mmoja juu ya udongo akafa kwa mvua yako, pika kumi, pika ishirini. Utakunywa maji ya moto, na mtoto wako atanyonya ngozi."

Nyamizi akalitazama jembe. Kamongo walikuwa miguuni pake, wazito, hawana mbio. Angeweza kumtia mmoja kikapuni akaondoka. Samaki anajua nini habari za maziwa? Ingekuwa habari ya tumbo lake mwenyewe, angejaribu akaona. Lakini kitu kama hicho mtu hakijaribu juu ya mtoto. Akaliacha jembe chini akakimbia.

Kwenye kile kisima kimoja kilichobaki, wanawake walikuwa wamekaa foleni wakingoja maji yachuruzike. Akiwemo Kwandu, jirani yake, mama wa watoto wanne, mwanamke mwenye maneno.

"Mama Milembe," akasema Kwandu, "mbio hizo umemwona fisi au umemwona mumeo?"

Wakacheka, kicheko cha midomo mikavu.

"Nipeni maji," akasema Nyamizi. "Kila mmoja anipe kidogo."

"Ya nini?"

"Ya kumwogesha mtoto."

"Ataoga vumbi, kama wangu."

"Basi ya kukandika ukuta, ukuta wangu unaanguka."

"Ukuta wa mawifi zangu wote umeanguka na hakuna aliyekimbia. Sema kweli, Nyamizi. Unatetemeka mpaka mtoto anatetemeka."

Akatazama juu. Jua lilikuwa limebakiza kipande lifike utosini. Akiwaambia wanawake, kamongo wataliwa wote. Asipowaambia watakauka wote. Akalitafuta neno la katikati, hakulipata, basi akasema yote kwa pumzi moja, kibuyu na viganja na kamongo wamejaa bwawani kama magogo na watoto kumi na wanne na jua likifika utosini.

Kisha wanawake wakainuka, na mitungi wakaiacha. Wakageukia nyumbani kuchukua majembe na vikapu.

"Nani anakwenda wapi?" ikasema sauti nyuma yao. Bibi Holo alikuwa amefika na fimbo yake, alimwona mkwewe akipita mbio akajua. "Mkiwachukua wote mtakula siku tatu. Masika yakija bwawa litajaa maji matupu, mtakaa ukingoni mnajitazama nyuso."

"Bibi Holo," akasema Kwandu, na safari hii hakuwa anatania, "kila kiangazi jiko lako linanukia kamongo na unasema ni ndugu zako wamekuletea. Ndugu gani hao wasiojua njia ya kwangu? Wanangu wanne wanakula mizizi tangu mwezi uandame. Leo samaki wako nje na wewe unaniambia samaki wakalale?"

Bibi Holo akaishusha fimbo yake. Lilikuwa kweli.

"Mama," akasema Nyamizi, "waambie."

"Niwaambie nini?"

"Habari ya kibuyu. Jinsi ya kupiga."

"Hilo ni la nyumba yetu."

Nyamizi akageuka akampa mgongo, Milembe akiwa amelala pale, utosi umebonyea. "Nyumba yetu ni hii, mama. Hii ikizimika, siri utamwachia nani?"

Bibi Holo akasimama na fimbo yake. Nyamizi hakungoja, akawageukia wanawake, maneno yakamtoka yakikanyagana. "Unafudikiza nusu ya kibuyu, unapiga kwa ncha za vidole, vidole si viganja, mmoja atakoroma, unachimba huyo tu. Leo tuwalaze. Kesho kila nyumba ichukue mmoja, na juma lijalo mmoja, hivyo hivyo mpaka mvua, na watabaki. Kwandu, wanao wanne watakula. Nisaidie na wangu."

"Na ukinidanganya?"

"Nimedanganya tangu asubuhi, samaki na watu. Umeona nilivyopata faida."

Kwandu akamtazama, akatazama jua. "Maji ya kunywa sitoi," akasema. "Nina maji ya vyombo. Nimeyaoshea mara tatu, yana majivu mpaka yananata."

"Mimi nina ya kulowekea ngozi," akasema mwingine.

"Yangu wamenawia watoto wote, hata mbwa ameyakataa."

"Yaleteni," akasema Bibi Holo. "Anayelala haulizi maji yametoka wapi."

Wakakimbia nyumbani, wakakimbia bwawani. Wakamwaga, wakakanda tope, wakawachukua kamongo mmoja mmoja, wazito na wenye utelezi unaokauka, wakawaingiza mashimoni.

"Haya maji yana majivu," akalalamika kamongo mmoja.

"Lala hivyo hivyo," akasema Kwandu. "Kwangu ndiyo mboga."

Kila shimo Nyamizi alilitoboa kitundu kwa kidole, akalaza sikio, akangoja asikie pumzi, ndipo akaenda jingine. Wanawake wakamwambia, fanya haraka. Hakuweza. Kila alipoondoka kwenye shimo alidhani hakusikia vizuri, akarudi, akalaza sikio tena. Jua likasogea. Vivuli vikaingia chini ya miguu ya watu.

Akabaki kamongo mzee. Kwandu akainamisha mtungi. Halikutoka tone. Wakainamisha mitungi yote. Halikutoka tone.

"Wote wamelala?" akauliza kamongo mzee.

"Bado wewe," akasema Nyamizi, na machozi yakamtoka, akayakinga kwa kiganja ayatie kwenye tope, lakini yalikuwa machache.

"Watoto wangu?"

"Wote kumi na wanne."

"Nani kawafunika?"

"Mimi mwenyewe."

"Umewatobolea?"

"Nimewatobolea, baba. Nimewasikia wakipumua, mmoja mmoja."

"Basi aliyebaki ndiye wa kwenda. Inamisha kikapu."

Akainamisha kikapu, na kamongo mzee akajivuta kwa vijiguu vyake vyembamba kama nyuzi, akaingia mwenyewe. Hakuna aliyemgusa kwa jembe.

Wakampika. Nyamizi akanywa bakuli la kwanza, akabonyeza titi, hakuna. Akanywa la pili, akabonyeza, hakuna. Akaanza kuhesabu mashimo kichwani, je, lile la ukingoni alilitoboa, na lile la karibu na jiwe? Akasimama arudi bwawani. Bibi Holo akamshika upindo wa nguo akamketisha.

"Maziwa hayaitwi kwa macho. Kunywa la tatu, tazama ukuta."

Akanywa la tatu, akatazama ukuta. Akatazama sana, akaujua ukuta ule kila ufa. Na alipokuwa kwenye ufa wa mwisho akasikia kitu kinamchoma chini ya kwapa, kama sindano, kikashuka, nguo ikalowa. Akamweka Milembe. Milembe akanyonya, hakuachia. Nyamizi akahesabu mafunda, moja, mbili, tatu, na hata alipofika mia hakuthubutu kuacha kuhesabu.

Masika yakaja kwa wakati wake. Mvua ikanyesha siku nzima, na kamongo hawakutoka. Ikanyesha siku ya pili, wasitoke. Watu wakaanza kumtazama Nyamizi kwa pembe ya jicho. Siku ya tatu maji yalipokwisha kuingia mashimoni kabisa, na kuwagusa ngozi, pua ndogo zikajitokeza pale ukingoni alipokaa. Zilikuwa kumi na nne.

"Wewe uliye juu," zikasema, "hii ni mvua au ni viganja?"

Nyamizi akawaonyesha mikono yake. Ilikuwa imembeba Milembe, yote miwili.

"Ni mvua," akasema.

"Na baba yetu yuko wapi?"

Nyamizi angeweza kusema, anakuja. Angeweza kusema, yuko nyuma ya kilima. Akamgeuza Milembe wamwone, mashavu yake na utosi wake uliojaa.

"Yumo humu," akasema.

Wakamtazama mtoto muda mrefu, na mvua ikiwapiga. Kisha wakageuka wakaingia majini.

Ndiyo sababu hadi leo kamongo hatoki kwa kusikia mvua. Hutoka ikishamgusa. Na ndiyo sababu kibuyu kile hakina mwenyewe, kila nyumba inajua kukipiga, na kila mama humwambia binti yake maneno yale yale, vidole, si viganja.

Hadithi inasema, shida yako ikikufanya umdanganye mwenzio, rudi umwambie kabla jua halijafika utosini, kwa maana uongo wa asubuhi bado unafunikika kwa tope.

Mimi nami nilipita siku ile nikaomba mchuzi. Kwandu akaniambia mchuzi umekwisha, yamebaki maji ya vyombo. Nikayanywa, na majivu yake ndiyo haya yananikereketa koo. Hadithi nimeilaza, kitundu nimekitoboa. Anayeitaka na aje kwa vidole.